Chumba cha Chaki

Uvumi ulimkuta Kitinda bafuni, kichwa kimejaa povu.

Alikuwa amejifungia humo kwa muda ambao mtu mwingine angeshagongewa na kuulizwa kama amezimia. Alikuwa na ndoo mbili za maji ya moto, kopo, sabuni nzima isiyo na alama ya kidole cha mtu mwingine, na mlango wenye komeo. Tangu arudi nyumbani kutoka ng'ambo, wiki ya tatu sasa, hakuna kilichompa raha kama lile komeo. Alikuwa akilisukuma, tak, kisha anasimama kusikiliza kama kuna anayemhimiza atoke. Kimya. Anacheka peke yake kama mwehu, halafu ndiyo anajimwagia kopo la kwanza.

Siku hiyo kupitia kidirisha cha juu aliisikia sauti ya msusi, jirani yao. Mwanamke yule vidole vyake husuka na mdomo wake hufumua.

"Dada, nisikilize mimi. Fundi anaondoka Jumamosi."

"Fundi yupi?" Mama yake Kitinda akauliza. Alikuwa anaanika shuka, yale makofi ya nguo mbichi yalisikika.

"Unao mafundi wangapi wanaokuja hapa kuinamisha kichwa kama wakwe? Fundi makochi. Kapata mkataba wa miaka miwili, huko huko nje. Karakana anamwachia binamu yake. Leo saa kumi anampelekea wakala pasipoti. Na watu wanasema chanzo ni huyu wako."

"Huyu wangu kafanya nini? Hata mlango wa mbele haujui!"

"Si ndiyo hapo! Hatoki. Mtu aliyezoea makochi ya kifalme atakuja kukaa kwenye vigoda vyetu? Wanasema kamwambia kijana wa watu, kama hujapanda ndege usinisogelee."

Povu likamwingia Kitinda machoni. Akapapasa kopo, akalikosa, akalipiga teke likaviringika mpaka mlangoni.

Hakuwahi kusema maneno yale. Lakini alijua yamezaliwa wapi, na ndiyo maana hayakumtoka. Kwa miaka mitatu kule alikokwenda alikuwa akifagia na kupiga deki katika duka kubwa la samani. Msimamizi akitoka kwenda kunywa kahawa, mwenzake mmoja alikuwa akimpiga picha kwa simu, haraka haraka. Hapa Kitinda yupo kwenye kochi la njano. Pale yupo kando ya kitanda chenye mito sita. Kwingine yupo kwenye meza ya kioo, amejishika shavu kama mwenye nyumba. Alianza na picha moja tu, siku Mama alipomwuliza kwenye simu mara tatu mfululizo, "Unalala wapi mwanangu? Unalala wapi?" Akatuma ya kitanda, akaandika chini yake, "Hapa." Mama akatulia. Lakini uongo ukishaingia mmoja huleta ndugu zake. Mama alizitembeza picha zile mtaa mzima, na Fundi, waliyependana tangu kabla hajasafiri, naye alikuwa akitumiwa za kwake.

Kitinda alitoka bafuni, akajifuta, akajitupa kitandani kwake. Shuka lilinukia jua. Jana tu alilala hapo mchana akinyoosha mikono yote miwili na isiguse mtu, akamshukuru Mungu kwa sauti. Leo shuka ni lile lile, mto ni ule ule, na usingizi haukuja. Akatengewa chai, akainywa amekaa kwenye kiti chenye mgongo, katika kikombe chake mwenyewe, na bado kila funda lilipita na neno lile: Jumamosi.

"Umemsikia msusi," Mama akasema. Hakuuliza.

"Sikusema hivyo, Mama. Naapa."

"Najua hukusema. Lakini labda ni kheri." Mama alikuwa anakunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Akiwa na wasiwasi hukunja vitu. "Mimi ninachotaka ni mlingane. Wewe umelala pazuri miaka mitatu. Acha na yeye akalale pazuri. Akirudi mtazungumza lugha moja."

Maneno yale yalimchoma Kitinda kuliko ya msusi. Akaweka kikombe chini, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Fundi. Kabla ya saa kumi."

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na mlango mpana. Ndani kulinukia gundi na mbao mbichi. Vipande vya godoro vilirundikwa mpaka darini, na mifupa ya makochi ilisimama uchi ikisubiri nguo. Fundi alikuwa amepiga goti mbele ya kiti, nyundo mkononi, futi kamba shingoni, misumari midogo mdomoni. Alipomwona, nyundo ilibaki hewani.

Alikuwa na macho mapole, yale yanayotazama kitu kana kwamba yanakipima na yanaogopa kukosea. Tangu Kitinda arudi alikuja kwao mara mbili tu. Mara zote alikaa kwenye ncha ya kiti, akajibu "nzuri" na "ndiyo", akaondoka chai haijapoa. Kitinda akadhani mapenzi yamepoa. Sasa alipoyaona macho yale yakimtembelea usoni taratibu na kukataa kuondoka, moyo wake ulipiga kwa namna ambayo haikuwa ya baridi hata kidogo.

"Kawibu," Fundi akasema.

"Tema misumari kwanza, Fundi. Ukiimeza nitaambiwa hiyo nayo nimesababisha mimi."

Akaitema kiganjani. Akataka kutabasamu, akajizuia.

"Ni kweli unaondoka?"

"Kweli."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu mwenyewe." Akaanza kuipanga misumari kiganjani, mmoja mmoja. "Kitinda, mimi nakaa na picha zako miaka mitatu. Kila nikiifungua simu nakuona kwenye kochi ambalo sijui hata limeshonwaje. Mimi ni fundi! Ile mishono sijawahi kuiona. Najiuliza, huyu nitamwambia nini? Aje akae wapi? Nikija kwenu nikakuona, ulimi unakuwa mzito. Basi nikaona niende nikajifunze, nipate na mimi, nikirudi nikutazame usoni."

"Si unanitazama sasa?"

"Sasa najilazimisha."

"Usiende."

"Kwa nini? Wewe ulikwenda."

"Ndiyo maana nakwambia usiende."

Fundi akasimama. Sauti yake haikupanda, lakini ilikaza. "Unaona? Pazuri ni pako. Kwangu mimi panatosha hapa hapa, na gundi yangu. Ndivyo unavyoniona."

"Sivyo!"

"Basi vipi? Sema."

Kuna aibu ambayo mtu akiizoea sana hulisahau jina lake. Kitinda alitazama huku na huku. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na kipande cha chaki, ile ambayo Fundi huchorea vitambaa. Akakichukua. Akamvua Fundi futi kamba shingoni, na vidole vyake vilipogusa ngozi yake wote wawili walisita kidogo, kisha akaivuta.

"Shika mwanzo wake. Futi kumi na mbili, kutoka hapo mlangoni."

"Unafanya nini?"

"Shika tu. Wewe maneno hayakuingii, vipimo vinakuingia."

Fundi akashika. Kitinda akapima futi kumi na mbili kwa futi kumi, akachora mstari mweupe sakafuni, akasukuma kwa nyonga kochi lililomzuia. Ndani ya mstari akachora vitanda vitatu vyembamba.

"Hivi ni vya ghorofa, chini na juu. Futi mbili na nusu kwa sita. Vingapi?"

"Sita, juu na chini."

"Watu tulikuwa tisa."

Fundi alikuwa anaitazama sakafu, na midomo yake ilitembea kama ya mtu anayegawanya.

"Hiki cha juu, cha ukutani, changu. Nilikuwa nashirikiana na dada mmoja wa kiwanda cha mikate. Yeye zamu ya usiku, mimi ya mchana. Nikishuka anapanda. Nilikuwa narudi nakuta mto bado una joto lake, Fundi, na yeye hivyo hivyo. Miaka mitatu tumelala kitanda kimoja hatukuwahi kulala pamoja." Alicheka, kicheko kikakatikia njiani. "Hapa begi. Nililalia begi, maana ukiacha sabuni huikuti. Hapa jiko la umeme, moja. Kiti hakuna. Nilikuwa nakula nimesimama, hapa, mgongo kwenye mlango. Bafu liko nje ya mstari huu, la vyumba vinne, dakika saba kila mtu, ya nane unagongewa."

"Dirisha liko wapi?"

"Hakuna dirisha."

"Na kochi la njano?"

"La dukani. Nilifagia chini yake kila siku. Kulikalia ni kufukuzwa kazi. Kwenye ile picha nimechutama, sikukaa. Niligusa tu ukingoni, mwenzangu akapiga, nikaruka."

Nje mtu alikuwa anapiga msumari mahali, ko, ko, ko.

"Miaka mitatu," Fundi akasema taratibu, "umenidanganya."

"Nimekudanganya."

"Unajua nimefanya nini na picha ile?"

Akaenda pembeni, akavuta turubai. Chini yake kulikuwa na kochi la njano. Au tuseme lilikuwa linataka kuwa lile. Mkono mmoja ulikuwa juu, mwingine chini kidogo, na mgongo ulilala nyuma kama mzee anayesinzia.

"Nimelifumua mara nne," akasema. "Kutoka kwenye picha. Sikuweza kuona nyuma yake. Nilitaka ukirudi ulikute, usione tofauti. Limenishinda. Ndipo nikamtafuta wakala."

Kitinda alilizunguka kochi lile. Akalipapasa. Kisha akakaa, akakaa kweli, kwa uzito wote, akarudisha mgongo mpaka mwisho na kuvua viatu. Kochi likalia, likainama upande wa kushoto, na yeye akainama nalo.

"Limepinda," akasema.

"Najua limepinda."

"Lakini linakalika." Machozi yalikuwa yanamtoka na meno yakiwa nje. "Hili ndilo kochi la kwanza la njano nililokalia maisha yangu."

Fundi akapiga magoti mbele yake, akamshika visigino vyote viwili kama mtu anayeshika ndege asiruke. "Sasa niambie unataka nini. Usinionee huruma. Niambie ya kweli."

"Nataka nikivua viatu nivikute nilipoviacha. Nataka nizime taa ninapotaka mimi. Nikae nikila, na mtu mbele yangu, aniulize chumvi imekolea. Nataka kulala na kuamka mto ni wangu bado. Fundi, nimerudi mtu mwepesi kuridhika, na nyinyi mnanikimbia kwa kudhani nina kiburi! Sitoki nje kwa sababu ndani kuna raha, basi."

Fundi akacheka, na kilichokuwa kimeganda baina yao kwa wiki tatu kikaachia. Akaweka paji la uso juu ya magoti ya Kitinda. Naye akaweka kiganja juu ya nywele zake zilizojaa vumbi la mbao.

"Mmechora mchezo wa kuruka?"

Mama yake Fundi alikuwa amesimama mlangoni, bakuli la chakula limefunikwa kwa kitambaa. Mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, na tangu uvumi uanze alikuwa na neno na Kitinda.

"Shikamoo, Mama," Kitinda akanyanyuka haraka.

"Marahaba. Umekuja kumuaga? Ulimpandisha presha mwanangu mpaka anauza amani yake, sasa umekuja kumfutia machozi uwanja wa ndege?"

"Mama," Fundi akasema, "hicho ulichokanyaga ni chumba chake. Hapo ndipo mlango."

Wakamweleza. Mama yule alisikiliza akiwa wima katikati ya chaki, bakuli mkononi. Akahesabu kwa vidole. Akarudia kuhesabu. Akageuka kutafuta mahali pa kuweka bakuli ndani ya mstari, hakupapata, akabaki amelishika.

"Watu tisa," akasema. "Hata kuku mimi siwafugi hivyo." Kisha uso wake ukarudi ulivyokuwa. "Pole, mwanangu. Pole sana. Lakini nitasema la kwangu, mimi ni mama." Akamgeukia Fundi. " Mtu aliyeweza kukudanganya miaka mitatu kwa picha, na kutabasamu humo, unataka kumwoa? Kesho atakuficha nini?"

Kitinda aliinama. Swali lile alilistahili.

Fundi akamtazama. "Jibu. Kama nisingekuwa naondoka, ungeniambia lini?"

Angeweza kusema "kesho". Angeweza kusema "nilikuwa natafuta nafasi". Akavuta pumzi.

"Nisingekuambia. Ningeona haya mpaka nizeeke."

Mama yake Fundi akaguna. Fundi akatikisa kichwa polepole, na usoni mwake palikuwa na kitu kama pumziko.

"Hilo nalishika," akasema. "Angenidanganya sasa hivi ningeondoka Jumamosi. Mama, umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia. Masikio ninayo."

Fundi akatoa simu, akampigia wakala. Hakuzunguka. "Mimi yule fundi makochi. Pasipoti siileti." Akasikiliza. "Kabla hujaniambia mshahara, niambie chumba futi ngapi na tunalala wangapi." Akasikiliza tena, muda mrefu kidogo. "Hujui? Basi na mimi sijui njia ya kuja kwako." Akakata.

"Lakini nina sharti," akamgeukia Kitinda. "Ukamwambie mama yako. Leo. Kwa mdomo wako, si kwa chaki."

Kitinda akainamia viatu vyake. "Ataumia."

"Ataumia. Mimi nitakuwa pembeni yako."

"Na mimi nitakuwa pembeni yake," akasema Mama yake Fundi, "maana mama akipata habari kama hiyo asiachwe na watoto peke yao. Lakini kuleni kwanza. Na mkae."

Walimkuta mama yake Kitinda barazani. Kitinda alisema yote akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayeng'oa bandeji. Duka. Vitanda. Zamu. Mama alisikiliza huku mikono yake ikitafuta kitu cha kukunja, na hakikuwepo, ikakunja upindo wa kanga.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakuambia lala salama..."

"Nilikuwa nangoja mwenzangu aamke, Mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

"Ningelia, ndiyo! Kulia juu yako ni kazi yangu, nani alikutuma uninyang'anye?" Akalia basi, kazi yake akaifanya, na Mama yake Fundi akamshika bega bila kusema neno, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. Alipomaliza akajipangusa, akamvuta binti yake akamkalisha kando yake kwenye mkeka, karibu sana, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Halafu akashtuka. "Binti wa msusi!"

"Kafanya nini?"

"Amejaza fomu. Kwa wakala huyo huyo. Wiki ijayo anaondoka, Kitinda. Mimi ndiye niliyemwonyesha picha zako."

Wote wakatazamana. Kitinda alijua maana yake. Kumwambia binti wa msusi ni kumwambia msusi, na kumwambia msusi ni kuutangazia mtaa mzima. Yule wa makochi ya kifalme kumbe alikuwa mshika ufagio.

Fundi alinyoosha mkono. Kitinda akautazama, ule mkono wenye makovu ya misumari, akaushika, akanyanyuka. Wakaenda hivyo hivyo, mchana kweupe, wameshikana mbele za watu, mpaka saluni. Msusi alikuwa na kichwa cha mteja mapajani. Binti yake alikuwa kando, anachambua nywele za bandia.

"Zima redio, mama," Kitinda akamwambia msusi. "Nataka na wateja wasikie."

Akawaeleza. Hakumwambia yule binti asiende. Alimwambia akitaka kwenda aende, ila aepuke haya, na wanaobaki nao waepuke ya kwao:

Epuka kutuma picha ya mahali usipolala.

Epuka kumpa wakala pasipoti kabla hajakutajia chumba kwa futi na idadi ya watakaolala humo.

Epuka kujibu "nipo salama" ukiulizwa umekula nini. Taja ulichokula.

Mama, epuka kutembeza picha za mwanao kabla hujamwuliza dirisha liko upande gani.

Mwanamume, epuka kushindana na kochi. Muulize anayelikalia.

Epuka kukaa wiki tatu na neno rohoni kwa kudhani mapenzi yamepoa.

Epuka kumsema aliyerudi kwamba anajisikia. Huenda anapumzika.

Epuka kuona haya kwamba ulilala pabaya. Haya hiyo ni ya aliyekulaza hapo.